Mume Kaondoka, Kodi Imebaki

Rupia tatu kwa nyumba moja kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ambayo serikali ya Wajerumani iliweka juu ya paa la nyasi, kwa amri iliyotolewa Novemba 1897 na kuanza kutumika 1898. Hawakuanza na shamba wala mbuzi. Hawakuanza hata na kichwa cha mtu. Walianza na nyumba, kwa sababu nyumba haikimbilii porini, haijifichi, inaonekana toka mbali na inahesabika kwa kidole. Lakini ndugu msomaji, ndani ya nyumba kuna watu wawili, na watu wawili huachana.

Vitabu tulivyosomea sekondari vilituambia habari ya kodi hiyo kwa mistari michache: mkoloni alileta kodi ili amlazimishe Mwafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Nukta. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapewa alama zako, unakwenda nyumbani. Mimi sibishi, ni kweli tupu. Ila kuna swali ambalo mwalimu hakutuuliza na sisi hatukumwuliza. Ndoa ikivunjika katikati ya mwaka, rupia tatu za nyumba ile ni deni la nani? Na deni hilo linamfuata mtu mpaka lini?

Nimelichagua swali hili kwa sababu linahusu kwetu kusini, Masasi na Newala, kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi hii. Nitaeleza kwa nini.

Masasi ipo chini, kwenye tambarare yenye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja kama watu waliochoka kusubiri basi. Newala ipo juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale unaposimama Shimo la Mungu ukaona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo. Juu huko ardhi ni ya mchanga, mvua ikinyesha inazama, hakuna mto. Kwa miaka mingi mwanamke wa Newala alishuka bondeni kutafuta maji, akapanda nayo kichwani. Wanaishi huko Wamakonde, Wayao, Wamakua, na Wamwera hawako mbali. Wote hawa, kwa asili yao, huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa kwao mama. Mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba, na ndiyo maana mpaka leo mtu wa kule akikuita “njomba” hakutanii, amekupa heshima.

Sasa hapo ndipo ngoma inapoanza. Kwa Wayao na Wamakua hasa, kijana aliyeoa mara nyingi alihamia ukweni. Alikata miti, akasimamisha nyumba, akalima, akatazamwa kama ni mtu wa kazi au ni mtu wa maneno. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mke. Mji ulikuwa wa ukoo wa mke. Majirani walikuwa dada zake mke, mama zake wadogo na wajomba zake. Kwa Wamakonde mambo yalitofautiana zaidi, wengine walikaa kwa wake, wengine kwa wajomba zao, lakini watoto na urithi vilibaki upande wa mama.

Ndoa hiyo ikivunjika, mume alichukua jembe lake na mkeka wake akaondoka. Nyumba aliijenga yeye, ndiyo, ila aliijenga pahali pasipo pake. Ikabaki na mwanamke na watoto wake. Hakuna aliyeona ajabu, ndivyo mambo yalivyokuwa.

Mjerumani aliona ajabu. Kwa mawazo yake nyumba ina bwana, na bwana ni mwanamume. Akida na jumbe walipopita na daftari waliuliza: “Nyumba ya nani?” Jibu la kweli kwa watu wa ukoo wa mama lingekuwa refu, lingechukua asubuhi nzima na ugoro juu. Daftari lina mstari mmoja tu. Likaandikwa jina la mume.

Nadhani hili lilikuwa jambo kubwa kuliko hata zile rupia. Kwa mara ya kwanza karatasi ilisema nyumba iliyoko mjini kwa wakwe ni ya mkwe. Na karatasi hiyo hiyo ilimpa deni ambalo angeweza kuliacha pale pale mlangoni siku atakayoondoka.

Mimi ninayetamani kuandika riwaya siku moja, ningeianzia hapo. Ningemweka karani chini ya mwembe, daftari magotini. Mwanamke anaitwa mbele.

“Mumeo yuko wapi?”

“Sina mume, bwana karani. Tumeachana tangu mavuno.”

“Nyumba ipo?”

“Si unaiona?”

“Basi kodi ipo.”

Hayo ni ya kubuni, nasema wazi. Lakini hayakuhitaji ubunifu mwingi. Amri ilitazama nyumba na mwenye nyumba. Mume akiondoka na nyumba ikabaki, mwenye nyumba aliyeonekana kwa macho ni yule aliyekuwa anawasha moto ndani yake. Wajane walikuwa katika hali hiyo hiyo. Wakubwa wa wilaya waliweza kuwasamehe wazee na maskini, lakini msamaha ni hisani, unaombwa, na anayeomba lazima aanze kwa kukubali kwamba anadaiwa.

Rupia tatu zilipatikana wapi? Mwanzoni serikali ilikubali mazao na kazi badala ya fedha. Baadaye ilizidi kutaka fedha mkononi. Mwanamume aliweza kwenda pwani, Lindi au Mikindani, akauza nguvu zake shambani kwa mzungu. Mwanamke mwenye watoto watatu na maji ya kushukia bondeni hakuwa na njia hiyo. Alikuwa na mtama, alikuwa na kuku, alikuwa na kaka yake. Kwa hiyo deni la mume aliyeondoka liliishia mara nyingi kwenye mabega ya mjomba wa watoto. Wakoloni walidhani wanatoza familia ya baba, mama na watoto. Kumbe walikuwa wanatoza ukoo mzima wa mama bila kujua jina lake.

Wengine hawakulipa kabisa. Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa Luagala kwenye uwanda huo huo wa Makonde, aliwasumbua Wajerumani tangu 1890, na mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya kodi kuanza, alivuka Ruvuma na watu wake akaingia Msumbiji. Miaka sita baadaye ikaja Maji Maji. Agosti 1905 vita vilifika Masasi na misheni ya Waingereza iliyokuwepo tangu 1876 ikachomwa. Kodi haikuwa sababu peke yake, pamba ya kulazimishwa ilikuwepo, viboko vilikuwepo, maakida walikuwepo. Lakini kodi ilikuwa ndani ya chungu kile.

Nirudi kwenye mto. Ruvuma ulikuwa dawa ya deni. Mwanamume wa Newala aliyebanwa aliteremka usiku, asubuhi yuko kwa ndugu zake Wamakonde wa ng'ambo. Huko nako hakukuwa peponi: Kampuni ya Nyassa, iliyotawala kaskazini ya Msumbiji mpaka 1929, ilikuwa na kodi yake ya nyumba na kazi zake za shuruti, na watu wa huko nao wakavuka kuja huku kwa sababu ile ile. Mto mmoja, wadaiwa wanapishana katikati! Wangeweza kupeana habari za njia.

Lakini angalia ni nani aliyevuka kwa urahisi. Mwanamume peke yake, mwepesi. Mke aliyebaki hakuwa ameachwa wala hakuwa na mume. Hana talaka, hana mtu. Nyumba iko kwenye daftari kwa jina la mtu ambaye yuko nchi nyingine. Kwa mila, wazee waliweza kukaa, wakahesabu misimu, wakasema huyu hatarudi, binti yetu yuko huru. Mila ilikuwa na ukomo wake. Boma halikuwa na ukomo. Mwaka ukizunguka, karani anarudi.

Waingereza walipochukua nchi baada ya vita vya kwanza hawakuifuta kodi hiyo. Waliipenda. Mwaka 1922 wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa: mwenye nyumba alipe kwa nyumba, mwanamume asiye na nyumba alipe kwa kichwa chake. Aliyekuwa na wake watatu katika nyumba tatu alilipia tatu. Sheria ya 1934 ikaendelea na mpango wa kumtoza mume nyongeza kwa ajili ya wake wa ziada. Mtaani watu walijua maana yake: mke wa pili ana bei serikalini.

Katika hali hiyo talaka ikawa na hesabu. Tuchukue mfano. Mtu ana wake watatu. Mavuno ya mtama yameharibika. Karani atafika baada ya mwezi. Mke wa tatu hajazaa, na wiki iliyopita wamegombana juu ya chumvi. Zamani ugomvi wa chumvi uliishia kwenye chumvi. Sasa kuna shilingi kadhaa zinazoning'inia juu yake. Sisemi wanaume wa Masasi waliwaacha wake zao kwa sababu ya kodi, mtu haachi mke kama anavyouza baiskeli. Nasema kodi iliingia chumbani ikakaa kitandani katikati ya watu wawili, na ilikuwa inasikiliza.

Upande wa pili wa hesabu nao upo. Mke akiachwa baada ya nyumba kuhesabiwa, jina la mume limeshaandikwa, mwaka huo deni ni la mume. Akiachwa kabla, jina halipo. Tofauti ya siku chache tu. Kwa hiyo hata kama sheria haikuandika popote kwamba mke aliyeachwa ana siku kadhaa za kudai, siku ilikuwepo: ile ambayo karani alifungua daftari. Ndiyo ukomo wa kwanza wa madai ya kodi kati ya waliokuwa mume na mke katika nchi yetu, na haukuandikwa na mwanasheria yeyote.

Asiyelipa aliweza kufanyishwa kazi badala ya fedha: barabara, boma, mizigo. Na stakabadhi ya kodi ikawa kama roho ya pili ya mwanamume. Ukikutwa njiani bila karatasi hiyo una maneno ya kujibu. Wanawake hawakuwa na karatasi hiyo, na wengine watasema hiyo ilikuwa nafuu. Sikubali moja kwa moja. Mtu asiye na stakabadhi hana ushahidi kwamba amelipa. Mama aliyeuza kuku wake kumlipia mume kodi, kisha akaachwa, angeonyesha nini kwa wazee? Karatasi ina jina la mume. Kuku hana jina.

Kwa upana wa nchi kisa kinachojulikana zaidi ni cha Upare, ile mbiru ya miaka ya 1940. Wanaume walikataa kodi mpya iliyotaka kupima mali ya kila mtu, wakapiga kambi Same mwaka 1945 kwa miezi. Mwaka 1946 wanawake wakatoka nao wakaandamana, wakimwambia mkubwa wa wilaya kwamba kama anawashikilia waume zao kwa ajili ya kodi, basi yeye ndiye awe mume wao. Wengi husimulia kisa hicho kwa kicheko. Mimi naona walikuwa wanasema sheria kavu kabisa. Anayemzuilia mtu mumewe abebe na madeni ya mume.

Kule kwetu hakukuwa na maandamano kama hayo. Kulikuwa na safari. Vijana walikwenda mkonge, wakafanya kazi kwa kipande cha siku thelathini, na kuanzia 1947 wakaenda Nachingwea kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa 1951 na kuacha matrekta na hadithi. Walirudi na shilingi, au hawakurudi.

Baada ya uhuru nitapita haraka, maana mengi mnayajua. Kodi ya kichwa ya halmashauri ilifutwa 1969. Ikarudi miaka ya 1980 halmashauri zilipofufuliwa, safari hii ikiitwa kodi ya maendeleo, kwa mtu mzima kuanzia miaka 18. Waliokuwa vijana wakati huo wanakumbuka mgambo, vizuizi vya barabarani, baba za watu wakilala mashambani. Mgambo akikamata mbuzi hakuuliza mbuzi ni wa baba au wa mama. Kodi hiyo ilifutwa 2003. Basi.

Pa kukaa ni mwaka 1971. Mwaka ule Bunge letu lilitunga sheria mbili ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya kukutana, lakini hukutana kila siku mahakamani. Ya kwanza ni Sheria ya Ndoa, Namba 5. Ya pili ni Sheria ya Ukomo wa Muda wa Madai, Namba 10.

Sheria ya Ndoa ilileta jambo jipya kabisa kwa mwanamke wa Newala na wa kila mahali. Kifungu cha 56 kinasema mwanamke aliyeolewa ana haki ile ile ya mwanamume kumiliki mali, kufanya mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa jasho la wote wawili. Na hapa naomba msomaji asome polepole: katika kugawa, mahakama inatakiwa kuangalia mila za watu wenyewe, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto wadogo, na madeni ambayo mmoja wao aliyachukua kwa faida ya wote wawili.

Madeni! Kwa hiyo yule mama wa kuku, angezaliwa miaka sabini baadaye, angekuwa na pa kusimama. Angesema: kodi ya nyumba tuliyokaa sote niliilipa mimi, ihesabiwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikwenda mbele zaidi ikasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Kupika, kufua, kulea. Wanasheria wote wanaijua rufaa hiyo, ya namba 9 ya mwaka huo. Kinachotajwa kidogo ni kwamba mama aliyeikata hakuondoka na kitu, maana ilionekana fungu lake alishalipokea na kulitumia ovyo. Alishinda hoja akakosa mali. Maisha yanapenda mambo ya namna hiyo kuliko hata waandishi wa riwaya.

Sasa muda. Sheria ya Ndoa inasema mgawo unaweza kuombwa wakati talaka inatolewa au baada yake, ila yenyewe haitaji miaka mingapi baada yake. Inataja muda mahali pengine: asiyeridhika na hukumu ana siku 45 za kukata rufaa. Kwa hiyo mtu huangukia kwenye ile sheria ya pili. Huko kila deni lina umri wake kama mtu. Deni la mkataba, miaka 6. Madhara, miaka 3. Ardhi, miaka 12. Dai lisilotajwa popote, miaka 6. Serikali ikidai mambo yake ya kawaida imepewa miaka 60, yaani mtu anaweza kudaiwa, akazeeka, akafa, na wajukuu wakawa wanakumbuka tu kwamba kulikuwa na jambo.

Na kodi? Kifungu cha 43 kinajibu. Sheria ya ukomo haihusu kabisa mashauri ya serikali ya kudai kodi, wala riba ya kodi, wala adhabu ya kuchelewesha. Miaka 60 imeonekana haitoshi. Saa imeondolewa ukutani.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Mume na mke walikuwa na duka Masasi mjini, leseni na kodi kwa jina la mke kwa sababu mume ni mtumishi na hakutaka jina lake lionekane. Wanaachana. Mume anachukua bidhaa, mke anabaki na jina. Miaka 8 baadaye mtoza kodi anakuja na hesabu za zamani. Kwa serikali, mama huyo hawezi kujikinga na sheria ya ukomo. Akigeuka kumdai mume wa zamani nusu yake, mume atakuja na wakili mwenye tai, na neno la kwanza la wakili litakuwa: muda umekwisha. Yule wa nje anadai bila saa, yule wa ndani saa inamgongea. Huyo mama ni wa mfano wangu, lakini sheria si za mfano.

Ipo njia ndogo, na naitaja kwa sababu wengi hawaijui. Sheria ya ukomo inasema mdaiwa akilikubali deni kwa maandishi na kutia sahihi, au akilipa hata sehemu yake, muda unaanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana mume mjanja hatumi hata shilingi elfu kumi. Anasema “tutaongea”. Kuongea hakuna sahihi.

Wenzetu wa mbali nao wamegongana na jambo hili. Marekani mume na mke wanaweza kupeleka hesabu moja ya kodi, na wakifanya hivyo kila mmoja anadaiwa deni lote, hata baada ya talaka. Tangu mwaka ule ule wa 1971 sheria yao imemruhusu mwenzi asiyejua udanganyifu wa mwenzake aombe kusamehewa. Kwa miaka mingi mamlaka ya kodi ilishikilia kwamba ombi lije ndani ya miaka 2, hata kwa waliokuwa wanategemea huruma tu ya mamlaka. Watu walilalamika kwamba mtu aliyetishwa na mume hahesabu miezi, na mwaka 2011 sharti hilo likaondolewa kwa maombi ya namna hiyo. Uingereza kwenyewe, walikotoka mabwana shauri wetu, kipato cha mke kilihesabiwa kodini kuwa cha mume mpaka Aprili 1990. Daftari la chini ya mwembe lilikuwa na ndugu yake London.

Tukirudi uwandani, mti wa korosho ndio uliopokea ugomvi wa nyumba. Mume anapanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Ardhi si yake, miti ameipanda kwa mkono wake. Korosho zilizopatikana nchini msimu wa 1973/74 zilifika tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka huku kusini. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikaachwa mbali, uzalishaji ukaporomoka, ukaja ukafufuka. Katika hayo yote ndoa zilikuwa zinafungwa na kuvunjwa. Maelezo rasmi ya sheria za mila ya 1963 yaliandikwa kwa kufuata makabila ya ukoo wa baba, kwa hiyo Mmakonde aliyekwenda mahakamani na kesi ya mkorosho wa mke na mume alikuta kitabu kinazungumza habari za watu wengine.

Siku hizi mkulima wa korosho hafuatwi nyumbani. Ghala linapokea, mnada unafanyika, ushuru na makato mengine yanakatwa huko huko kabla fedha haijamfikia. Unaweza kufikiri tatizo limeisha, maana hakuna deni la kubaki. Ila fedha inayobaki inakwenda kwa jina lililoko kwenye kitabu cha chama cha msingi. Mke aliyepalilia, akapulizia salfa na kuokota, kisha akaachwa mwezi Septemba, mnada ukija Oktoba hana deni na hana malipo. Ni lile daftari la karani limegeuzwa ubavu.

Na kodi ya nyumba, ile ya rupia tatu, je? Mwaka 2021 serikali iliamua kodi ya jengo ilipwe kupitia umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kwa kuanzia, inakatwa unaponunua LUKU. Mita haina safu ya kuandika mwenye nyumba ni nani au aliondoka lini. Anayeingiza namba ndiye anayelipa, na miezi ambayo hukununua umeme inakusubiri. Mama aliyebaki ndani na watoto ananunua umeme wa shilingi 2,000, mita inakata ya kwake kwanza, taa inawaka kidogo. Mume wa zamani yuko Mtwara mjini kwa mke mwingine, na hati ya nyumba bado ina jina lake.